Gonga Mara Tatu, Ungoje

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Imefika. CTP, mashine mpya! Tumeisikia mwaka mzima, nami nikadhani ni maneno ya Gracien tu, kama kile choo kipya alichotuahidi. Lori la Lubumbashi limeishusha asubuhi, sanduku la mbao lililojaa vumbi jekundu. Hata wa duka la simu walikuja kusaidia kubeba — kutazama, kusema kweli.

Gracien ametukusanya akatueleza. Anapenda kueleza, tangu awe patron wa imprimerie, hiki kiwanda chetu cha uchapaji, mahali pa baba yake. Kuanzia sasa picha itatoka kwenye kompyuta ya msichana wetu Jocelyne na kwenda moja kwa moja kwenye plaki, lile bamba la alumini ambalo Tata Kisimba hulifunga kwenye mashine ya kuchapia. Leza inachora, imekwisha. Hakuna filamu. Hakuna beseni za dawa. Hakuna meza ya taa, hakuna wembe, hakuna gundi. Alikuwa akihesabu kwa vidole. Kila kidole ni mimi.

Hakusema "hakuna Mama Mwanvua". Ana adabu, marehemu mzee alimlea vizuri. Alinitazama tu, halafu akatazama viatu vyake.

Nimerudi kwenye chumba cha giza nikafunga mlango. Nilikuwa na filamu ya kalenda ya zahanati ya kuosha. Nimeiacha kwenye dawa mpaka ikawa nyeusi yote. Ikabidi ipigwe nyingine.

Jumatano, 7 Agosti

Nyumba kimya. Jirani yangu Safi alihama mwezi uliopita na watoto wake. Kampuni imenunua nyumba zote za upande ule wa barabara kwa sababu shimo la mgodi linakuja. Upande wangu bado. Jioni nasikia malori ya mgodi wa Mashamba, na mbwa ambaye Safi amemwacha. Nampa bukari, ugali wangu uliobaki. Anangoja niingie ndani kwanza ndipo ale.

Nimekuwa nikifikiria mlango. Ajabu, si kazi, ni mlango.

Chumba cha giza kina sheria. Marehemu mzee aliiweka nilipoanza, nikiwa msichana: gonga mara tatu, ungoje. Filamu ikiwa nje, mwanga ukiingia, kazi ya siku nzima imekufa. Nikisema "Bado", unakaa. Nikisema "Kuya", unaingia. Mzee mwenyewe alingoja. Siku moja mkubwa fulani wa serikali alikuja na walinzi wake, akagonga, nikasema "Bado", akasimama pale kama mtoto wa shule. Nilicheka peke yangu gizani mpaka nikamwaga dawa.

Hakuna mahali pengine ambapo watu hunisubiri. Nyumbani hakuna wa kunisubiri. Sokoni ndiyo kabisa.

Ijumaa, 9 Agosti

Kisimba amegonga leo. Kugonga kwake nakujua: tatu za polepole, zenye nafasi katikati. Wengine wanagonga kama polisi.

Kisimba ni mtu wa Manono, Mkatoliki, mkewe alifariki zamani. Anaimba sauti ya chini katika kwaya ya parokia na anajivunia jambo hilo kupita kiasi. Ana mwendo wa bata. Tumefanya kazi pamoja toka ujana, na nikifikiri vizuri, karibu maneno yetu yote yamepita kwenye ubao wa mlango ule. Filamu ikiwa ndani ya dawa mimi siwezi kutoka, na yeye bila plaki hana kazi. Basi anaegemea upande wake na kusema. Goti lake. Kwaya. Kuku wake anayetaga ndani ya kofia. Mimi najibu kutoka gizani, mikono ndani ya beseni. Nimemwambia humo mambo ambayo sikumwambia hata mwanangu Rehema. Baba yake Rehema alipofariki, nilirudi kazini baada ya matanga nikalia mle ndani, na Kisimba alikaa nje ya mlango bila neno lolote mpaka niliposema "Kuya".

Halafu tukikutana uani, kwenye jua — hakuna kitu! Anasalimia, naitikia. Anatazama bati la jirani, natazama ndala zangu.

Leo amesema kupitia mlango: "Mama, mi nimemwambia patron tupime kwanza. Kazi moya, njia mbili. Karatasi njo itasema."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa beseni.

Jumatatu, 12 Agosti

Gracien amekubali. Kazi ni kalenda ya Mama Henriette, mwenye depo ya vinywaji: picha yake na familia kando ya maji ya ziwa Nzilo, rangi zote. Nusu ya karatasi zitapigwa kwa plaki za filamu zangu, nusu kwa plaki za CTP. Wino uleule, karatasi ileile, Kisimba yuleyule. Filamu zikishinda, au hata zikilingana, chumba cha giza kinabaki kwa kazi za rangi. Zikishindwa, ukuta unavunjwa nami natafutiwa kiti.

"Tutakutafutia kiti, Mama," ndivyo alivyosema. Kiti! Nimesimama maisha yangu yote.

Filamu zilizobaki ni boksi la mwisho, na tarehe yake imepita. Wale wa Johannesburg hawatumi tena. Nimenusa dawa. Bado ina nguvu.

Jumapili, 18 Agosti

Rehema amepiga simu kutoka Kalemie. Kila Jumapili wimbo ni uleule. Watoto wananiuliza. Mumewe Ibrahim amemaliza chumba changu, rangi imekauka. Kina dirisha kubwa, anasema, nitaona ziwa nikiwa bado kitandani.

Dirisha kubwa. Maskini mwanangu. Amezaliwa na mama ambaye kazi yake yote ni kuziba madirisha.

Nikamwambia nitaona. Akasema kila mara nasema nitaona. Nikamwambia kuna kalenda ya kumaliza. Akaniuliza ni kalenda ya mwaka gani, akacheka, nami nikacheka. Baada ya kukata simu nimekaa nayo mkononi muda mrefu.

Jumatano, 21 Agosti

Siku nzuri! Naandika upesi kabla haijapoa.

Asubuhi CTP ilikuwa inachora plaki ya njano ya Mama Henriette, umeme ukakatika. Mashine imelia kama mbuzi, ikanyamaza. Jenereta ikawashwa, lakini plaki imeharibika, nusu imechorwa, nusu tupu. Wakaitupa.

Wakati huohuo filamu yangu ya rangi nyeusi ilikuwa ndani ya beseni. Taa yangu nyekundu ikazimika. Basi? Giza ni giza. Nikasoma Kulhuwallahu, ndivyo ninavyopima muda wa dawa tangu nianze kazi, polepole, nikarudia mpaka kiasi changu kikatimia. Nikaitoa, nikaitia kwenye dawa ya pili, nikaiosha, yote kwa vidole. Umeme uliporudi filamu ilikuwa inaning'inia kwenye kamba, safi kabisa.

Kisimba akagonga. Akasema kutoka nje kwamba ile mashine ya patron inaogopaka giza. Nilicheka hadi machozi. Naye alicheka. Tulikuwa na ubao kati yetu, na nilijua kabisa uso wake ukoje.

Mchana kutwa nimeinama juu ya meza ya taa. Filamu nne, moja kwa kila rangi, na zote lazima zikae mahali pamoja kabisa, la sivyo watu wanatoka na midomo miwili. Nimeziba kwa brashi matundu yote ambayo mwanga ungepitia mahali pasipotakiwa. Nadhani yote. Mgongo unaniuma na nimefurahi.

Nimemwimbia mbwa. Amekula nikiwa bado nje.

Ijumaa, 23 Agosti

Karatasi mbili mezani kwa Gracien, karibu na dirisha. Sisi sote tumezizunguka. Kioo cha kukuzia kimepita mkono hadi mkono.

Nitaandika ukweli, maana hapa hakuna wa kumdanganya. Ya CTP ni nzuri kuliko yangu. Picha ya kuchapwa ni nukta tu, ukikuza unaziona. Zake ni duara zote, ukingo wazi. Zangu zimeliwa pembeni, kama biskuti iliyokaa mfukoni. Blauzi nyeupe ya Mama Henriette ina lesi: kwenye CTP unaona kila uzi, kwangu kifua kizima ni cheupe tu. Zile nukta ndogo kabisa filamu yangu haikuzishika. Na nyekundu yangu imetoka nje ya midomo, unywele mmoja. Na juu ya maji kuna kidoa cheupe. Vumbi! Lilikaa kati ya filamu na plaki, nami sikuliona. Kisimba akasema kwa sauti ya chini kwamba nimeweka ndege juu ya Nzilo. Alitaka kunichekesha.

Maji tu ndiyo mazuri kwangu. Yamelainika, yana kina. Jocelyne naye alisema hivyo. Sikujua kama ni huruma.

Kisha Mama Henriette mwenyewe akaingia mbio, dereva anapiga honi nje. Gracien akamwekea zote mbili mikononi na kumwomba achague. Nilisimama nimeshika mikono nyuma. Akatazama ya juu, akafunua ya chini, akarudisha. Kioo hata hakukigusa.

"Byote si ni bimoya tu? Mi nakamata hii ya yulu. Niko na haraka."

Ya juu ilikuwa ya CTP. Ingekuwa yangu angeichukua vilevile. Hilo ndilo linaloniuma. Kushindwa nakuelewa, nimekuona kwa macho yangu kwenye kioo. Lakini miaka yote ile nimeinama, nimezuia pumzi, nimeziba vitundu ambavyo mdudu asingeviona — na yule ambaye nilimfanyia hakuwa akitazama.

Jumamosi, 24 Agosti

Sikutoka.

Jumatatu, 2 Septemba

Wamevunja ukuta. Waling'oa mlango kwanza, wakauegemeza uani kwenye mpapai. Mwanga ukaingia na kwa mara ya kwanza nikakiona chumba changu. Kidogo! Kuta zina madoa ya kahawia kila mahali. Pale karibu na sinki, ninaposwalia adhuhuri, saruji imelainika. Nilidhani ni chumba kikubwa. Gizani kilikuwa kikubwa.

Filamu za zamani zimeuzwa zote. Ndani yake kuna madini ya fedha kidogo, wanazichoma na kuyatoa. Mnunuzi amekuja na mizani ileile wanayopimia madini kwenye madepo. Kolwezi kila kitu mwishowe kinapanda mizani. Nilichomoa filamu moja nikaiinua juani kabla haijaingia guniani. Arusi. Nyuso zimekuwa nyeupe, meno meusi, kama filamu inavyogeuza. Wote walikuwa wanacheka. Sikukumbuka ni akina nani, na mimi ndiye niliyewaosha.

Kisimba alikuwa kwenye mashine yake, akifuta roli ya wino ambayo tayari ilikuwa safi. Hakuja. Angegonga wapi?

Jumatatu, 16 Septemba

Maulidi. Nimekwenda msikitini na kina mama wenye asili ya Kasongo, wale wa bitenge vya aina moja. Nimeimba, nimekula pilau, nimebeba mtoto wa mtu. Kila mmoja aliniuliza Rehema hajambo.

Kisha nyumbani. Nimefungua kufuli, nikakaa na kitambaa changu kichwani hadi magharibi, sikuona sababu ya kukivua. Mbwa amekuja mpaka kizingitini. Nimemshukuru, nimezungumza naye kama mtu. Nina upweke, basi. Neno lenyewe ndilo hilo.

Jumatano, 18 Septemba

Kiti changu kiko pale palipokuwa na sinki. Mbele ya kompyuta, kando ya Jocelyne. Ni msichana mwema, anatafuna bazoka, anaeleza jambo moja mara nyingi bila kukunja uso. Amenifundisha: unachukua kazi, unaipitisha kwenye programu, unachagua karatasi, unachagua rangi, unatuma. CTP inanguruma na plaki inatoka. Mimi nilikuwa nikitumia asubuhi nzima.

Watu wanapita nyuma yangu. Wananishika bega, wanachukua karatasi, wanaazima kalamu. Hakuna anayegonga. Nashtuka kila mara, mpaka Jocelyne ameniuliza kama nina presha.

Kisimba anakuja kuchukua plaki. Anasimama. Anasema "Mama". Nasema "Tata". Anachukua, anakwenda. Goti lake sijui linaendeleaje.

Alhamisi, 3 Oktoba

Aibu. Sijui nianzie wapi.

Kadi za arusi, rangi mbili. Bwana arusi Dodo, bibi arusi Rachelle, arusi keshokutwa. Familia ilichelewa kuleta, wote wanachelewa. Jocelyne alikuwa benki kwa kazi ya Gracien, akaniachia. Nilifurahi! Kazi yangu ya kwanza peke yangu kwenye CTP.

Nimefungua kadi kwenye kompyuta. Nikaiona imekaa vibaya. Moyo wangu ulisema: geuza. Kwenye programu kuna kisanduku cha kugeuza picha iwe kama kwenye kioo. Nikakibonyeza, nikatuma. Plaki mbili zimetoka, nikazisoma zote, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa na marehemu mzee. Dodo. Rachelle. Parokia, saa, ukumbi. Hakuna kosa. Nikampelekea Kisimba mwenyewe.

Kwenye meza ya taa, filamu hulala imegeuka. Maandishi yanasomeka kutoka kulia kwenda kushoto, na ndivyo nilivyosoma tangu ujana wangu. Kwa macho yangu, yaliyogeuka ndiyo yaliyo sawa. Plaki ya CTP haitaki hivyo, inataka kusomeka kama gazeti. Nimesoma kila neno upande wa kinyume na sikuhisi chochote. Hata kidogo!

Mashine ilianza, ikasimama. Nikasikia hatua za bata. Kisimba akafika nyuma ya kiti changu, akanyoosha mkono, akagonga juu ya meza. Mara tatu, polepole. Akangoja.

Niligeuka. Alikuwa ameshika karatasi ya kwanza kifuani, upande wa wino ndani, ili wengine wasione.

"Mama, mi pia sikuona," alisema. "Plaki yako mi sisomaka. Nafungaka tu."

Lakini waliona. Uani wamecheka, wakaipeleka mbele ya kioo cha pikipiki. Plaki za saizi ile zilikuwa mbili za mwisho, boksi jipya liko Lubumbashi. Mama wa bibi arusi alifika saa tisa, akakaa pale mapokezi na mkoba wake magotini, akalia bila sauti. Kadi hazikupigwa. Watawaalika watu kwa simu.

Jocelyne aliporudi hakucheka. Aliniuliza tu nilisomaje maandishi yale. Nikasema nimezoea. Akanitazama kama mtu anayetazama kitu cha kale kwenye kabati la shule.

Ijumaa, 4 Oktoba

Gracien ameniita. Laiti angefoka! Ameniletea maji ya chupa, akaifungua mwenyewe. Amesema kosa si langu, ni la programu. Amesema nipumzike kidogo, hata mwezi, kiti kitaningoja. Sauti laini kabisa, ile ya kuongea na mgonjwa.

Kiti kitaningoja. Hakusema watu.

Jioni nimempigia Rehema, mimi, siku ambayo si Jumapili. Akadhani kuna msiba. Nikamwambia nakuja. Alipiga kelele ya furaha, nikasikia watoto nao wanapiga kelele bila kujua sababu. Nilisema ni kwa ajili yao. Sikusema kwamba hapa sina tena kazi ninayoijua, wala mlango.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda kuwaaga. Nilichagua saa ya mapumziko ili iwe upesi. Jocelyne amenipa kitambaa, amelia kidogo. Gracien akatoa hotuba, bila shaka. Basi la Lubumbashi ni Jumanne alfajiri, nikamwambia kila aliyeuliza.

Kisimba alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wino kwenye kucha. Jua lilikuwa kali. Akatazama bati la jirani. Nami nikatazama ndala zangu. Njia nzima nimejitukana.

Ule mlango bado uko kwenye mpapai. Kuku wamelala chini yake.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua ya kwanza. Imeanza baada ya alasiri, vumbi lote la miezi limegeuka supu nyekundu barabarani. Nimemaliza kufunga begi. Nimeliegemeza kwenye mlango, ndani, nisije nikalisahau. Mbwa nimemkabidhi kwa mwuza makaa wa kule mwisho wa barabara, ingawa mbwa mwenyewe hajakubali, yuko hapa chini ya meza. Ni mara yake ya kwanza kuingia.

Nilikuwa naandika hayo ya mbwa. Mlango umegongwa.

Mara tatu. Polepole.

Nami, kwa mazoea tu, sijui kichwa changu kilikuwa wapi, hakuna filamu hapa, hakuna beseni, nimesema "Bado!"

Nimesikia mtu anakaa kwenye kizingiti, goti likilia. Anangoja. Paa langu pale mbele ni fupi, halimkingi mtu hata nusu. Analowa, bila shaka analowa, na hajagusa kitasa.

Nimekaa sakafuni nikiwa na hili daftari, upande wangu, mgongo karibu na begi. Ameanza kusema. Goti lilijua mvua tangu juzi. Kwaya imepata mtu mpya wa sauti ya chini, kijana, sauti kama jenereta. Yule kuku amekufa. Nimesema pole. Ni neno langu la kwanza kwake tangu mwezi wa nane, kama nikihesabu maneno ya kweli.

Jirani wangesema nini, Mkatoliki mzee kwenye kizingiti cha mjane wa Kiislamu? Nimekumbuka kwamba jirani wa karibu sina tena.

Kisha:

"Kule kazini hakuna tena fasi ya kusema na weye, Mama. Njo maana nimekuya huku."

Taa ilikuwa inanisumbua, siwezi kusema kwenye mwanga na mtu huyu, sijawahi. Nimesimama nimeizima. Pazia nilishalifunga, na wingu limeleta magharibi mapema. Giza zuri. Naandika kwa kupapasa, mistari itapandana, haidhuru.

Nimemwambia chumba cha Kalemie kina dirisha kubwa. Akacheka, kule nje, kwenye mvua. Nilijua uso wake ukoje.

Sasa ameuliza kama tiketi ya Jumanne nimeishika tayari mkononi. Sauti yake iko chini, karibu na ardhi. Nasikia maji yakidondoka kutoka kwake hadi kwenye saruji. Tiketi iko mfukoni mwa begi, na begi liko kati yangu na mlango. Nimelisukuma kando kwa mguu. Kidogo tu. Mlango ukifunguliwa sasa, utafunguka nusu.